Tanga kwa Mkono Mmoja

Jumatatu, 2 Juni

Mnyooshaji ameniambia niandike kila siku, kwa mkono wa kushoto. Mnyooshaji ni yule binti wa hospitali anayeninyoosha viungo tangu kiharusi. Mikono laini, roho ya chuma. Mistari mitatu inatosha, kasema, na hakuna atakayesahihisha. Basi nitaandika ninachotaka. Herufi zinakwenda upande kama mtu aliyebeba ndoo. Sawa.

Ninachotaka ni mashua yangu.

Jana wifi alikuja kunipa pole, mara ya ishirini sasa. Kabla chai haijapoa pole ikawa imeisha, tunaongelea mashua. Mwanawe anaitaka. Trela itakuja Jumamosi ya tarehe 28. Keshasema na kaka yake! Nikamtazama huyo kaka yake — Baba Pacha, mume wangu. Yeye anatazama kikombe. Akasema mashua ile haimtaki mtu wa mkono mmoja. Alisema polepole, kama anayeomba radhi.

Nikamuuliza hapo hapo: na nikipunguza tanga peke yangu? Majini, kwenye upepo, bila mtu kunigusa?

Akazungusha kikombe. Kisha akasema: ukimaliza kabla sijafika mia mbili kwa kuhesabu, mashua inabaki. Wifi akacheka. Kidole kimoja hakivunji chawa, akasema. Nikamwambia mimi sina chawa.

Mkono umechoka. Lakini nimeandika zaidi ya mistari mitatu.

Jumanne, 3 Juni

Nimejaribu namna ya zamani, ile tuliyokuwa nayo siku zote. Upepo ukizidi unashusha tanga kiasi, halafu ile sehemu iliyolegea chini unaifunga kwa vikamba vinane, tanga libaki dogo na mashua isilale ubavu. Ndiyo kupunguza tanga, hakuna uchawi. Usipopunguza unapinduka.

Nilitandika shuka juu ya mgongo wa kochi, nikafunga vikamba vinane. Mkono wa kushoto na meno. Mkono wa kulia umekuwa kama mgeni siku hizi, unakaa tu mapajani. Baba Pacha alihesabu huku anamenya viazi. Alipofika mia mbili nilikuwa kwenye kikamba cha tatu. Alipofika mia sita akaacha kuhesabu, akaenda kubandika sufuria.

Na huo ni upepo wa sebuleni.

Vikamba basi. Vimekufa.

Jumatano, 4 Juni

Karakana ya Fundi Msumari. Ndiye aliyeiunda mashua, miaka tisa iliyopita. Tanga nililishona mimi. Msumari ni jina la utani. Huongea na misumari mdomoni hata siku ambayo hagongomei kitu.

Mashua iko juu ya magogo tangu mwezi wa kumi na moja. Nimeipapasa ubavuni, vumbi tupu. Nikaona haya, kana kwamba nimemtelekeza mtu.

Fundi akasema kuna namna ya kuliviringisha tanga kwenye mlingoti, kama mkeka. Unazungusha mlingoti tu, kwisha. Nikafurahi. Ila kwanza unautoa ule mti wa chini, unaoshika tanga kwa chini. Na kuutoa kwa mkono mmoja... Alijaribu, ukamwangukia mguuni. Akatema misumari yote, na maneno ambayo sitayaandika humu.

Alipotulia akanipa nasaha. Mama Pacha, fanya kitu chepesi. Kitu chenye vipande kumi kina njia kumi za kukwama. Nilisikia. Sikusikiliza, maana nilikuwa nimeshapata wazo langu.

Jumamosi, 7 Juni

Wazo ni hili. Miaka ishirini na sita nashona mapazia. Yako yale ya kukunja kwenda juu: nyuma yake mna ringi ndogo, kamba inapita ndani ya ringi, unavuta kamba moja na pazia lote linajikunja. Mtoto anavuta. Bibi kizee anavuta. Kwa nini tanga lisivutwe hivyo? Kamba moja tu, ishike mbele na nyuma kwa pamoja.

Nimeshona siku tatu. Cherehani ya umeme, mkono wa kushoto unaongoza, kiwiko cha kulia kinakandamiza. Kiwiko kina akili kuliko nilivyodhani. Ringi kumi na mbili. Kapi tatu za kupitishia kamba. Leo nimelifunga tanga kwenye fremu ya mlango, nikavuta — likajikunja lote, zuri, kama pazia la benki!

Nimemwita Baba Pacha aone. Akaona. Akasema vizuri. Akagusa kile kiraka kirefu katikati ya tanga, kidole kikapita juu ya mshono, akarudi jikoni.

Sijaandika habari ya kiraka. Basi niandike. Kiharusi kilinikuta mashuani. Upepo ulikuwa umekuja ghafla, nilikuwa nimeshika usukani, mara mkono haupo. Nikaanguka chini ya benchi. Nakumbuka maji yakiingia, na Baba Pacha amesimama ameduwaa. Kisha akatoa kisu akalipasua tanga, juu mpaka chini. Upepo ukapita katikati, mashua ikainuka. Ametuokoa, sikatai. Lakini kulikuwa na henza — ile kamba ya kupandishia tanga. Ukiilegeza, tanga lote linashuka lenyewe. Ilikuwa mbele ya pua yake.

Sijawahi kumuuliza kwa nini hakuilegeza. Kazi ya mkono wangu, miaka tisa, na yeye kisu.

Jumanne, 10 Juni

Aibu.

Tumelipandisha tanga pale pale juu ya magogo. Upepo wa kawaida tu, wa kukaushia nguo. Nikavuta kamba yangu moja. Mbele ikashuka. Nyuma ikabaki juu. Nikavuta zaidi, mbele ikajibana. Nikavuta kwa uzito wangu wote, nikaanguka kwa makalio. Pazia la sebuleni halina wa kugombana naye. Tanga linavutana na upepo, na kamba inasugua kila kona inayopita.

Fundi akahesabu kwa sauti: ringi kumi na mbili, kapi tatu. Halafu akanitazama. Hakusema lile neno lake la vipande kumi. Angesema ningekuwa na nafuu.

Jumatano, 11 Juni

Mistari mitatu. Huu wa kwanza. Huu wa pili. Huu wa tatu.

Ijumaa, 13 Juni

Wifi kaja na futi ya kupimia. Kampitia Fundi karakanani, kapima mashua urefu na upana, ili mwanawe ashonewe turubai la kuifunika. Kisha, bila haya, kaja nyumbani kuniuliza mimi turubai lipi ni zuri. Mimi! Nikamjibu kwa adabu zote. Nikamtajia lile zito, lisilopitisha maji. Nikamsindikiza mpaka getini. Nikarudi jikoni nikaivua aproni nikaitupia ukutani kwa hasira.

Haikuanguka.

Ilijishika kwenye kulabu ya mlango, ile ninayoitundika kila siku. Mkono mmoja, bila kutazama, moyo ukiwa umechafuka. Miezi saba sasa naitundika hivyo na sijawahi kukosa.

Nimesimama mbele ya aproni mpaka chai ikachemka ikamwagika.

Kulabu moja kwenye mlingoti. Ringi moja kwenye tanga upande wa mbele. Shusha, tundika. Nyuma kamba moja fupi, vuta, bana. Hivyo tu! Hata Wifi ana faida yake duniani.

Jumatano, 18 Juni

Nimefumua ringi zote kumi na mbili. Nilipokuwa nafumua nilikuwa naimba, Baba Pacha akachungulia mlangoni kuona kama ni mimi.

Fundi amefunga kulabu ya chuma kwenye mlingoti. Kwenye mti wa chini ameweka kibano chenye meno: kamba ikipita inang'atwa, hairudi. Safari hii alikuwa na msumari mmoja tu mdomoni, dalili kwamba amependezwa.

Mimi nimetia ringi mbili mpya, mbele na nyuma. Tanga nililitandaza sakafuni, ukingo wa mbele nikaulaza sambamba na mstari wa vigae. Nikapiga chaki kutoka ringi ya mbele hadi ya nyuma kwa kufuata kigae, mstari mnyoofu, pembe kamili. Kitambaa kizito mara nne kila ringi. Kwenye henza nimeshona uzi mweusi, alama ya pa kusimamia wakati wa kushusha. Upindo nilioupiga leo hata fundi wa mikono miwili angeuonea wivu.

Pacha mkubwa kapiga simu. Eti mama, kwa nini usipumzike? Nimemwambia napumzika sana, ndiyo maana nimechoka.

Jumamosi, 21 Juni

Tumeishusha mashua majini. Miezi saba! Ilivuja kidogo kwanza, kisha mbao zikanywa maji zikavimba, ikatulia. Daktari karuhusu, mradi nivae jaketi la kuelea na Fundi awe karibu. Leo alikuwa ndani kabisa, mbele yangu, na kofia yake.

Upepo mdogo. Nikalegeza tanga. Nikashusha henza mpaka uzi mweusi. Ringi ya mbele — chap, kwenye kulabu. Nikapandisha tena henza kukaza. Nikavuta kamba ya nyuma, kibano kikang'ata. Nilitaka kupiga vigelegele.

Mti wa chini ukashuka upande wa nyuma. Ukamkuta Fundi kichwani, kofia ikaenda majini. Mashua ilipoinama kidogo ncha ya mti ikaanza kulima maji, usukani ukawa mzito, tukazunguka kama pia. Tukalishusha tanga lote tukarudi kwa kasia.

Gatini Fundi akaliangalia tanga, akafumba jicho moja. Akasema: Mama Pacha, umeshona pazia.

Ni kweli. Pazia lazima upindo wake uwe mnyoofu, ndiyo kazi, ndiyo heshima. Lakini tanga chini halikukatwa sawa na kigae. Linapanda kuelekea nyuma, ili ule mti uwe juu ya vichwa vya watu. Mstari wangu ulitakiwa upande nalo. Nililikata mwenyewe miaka tisa iliyopita na nikasahau! Mazoea yamenishika mkono wakati akili inatazama kwingine. Ringi ya nyuma ilitakiwa iwe juu zaidi kwa shibiri nzima.

Kofia haijapatikana. Siku saba zimebaki.

Jumapili, 22 Juni

Leo nitaandika mpaka mkono ukatae.

Asubuhi nimelitandaza tanga tena, nimekaa sakafuni nafumua ringi ya nyuma. Kitambaa mara nne, uzi wa nta mara mbili, mkono mmoja. Kila nikivuta uzi tanga lote linanifuata. Nikalikanyaga kwa goti, likateleza. Nikalikalia. Baba Pacha alikuwa mlangoni muda wote, anajifanya anatafuta miwani iliyo usoni pake.

Akaja akapiga magoti upande wa pili, akalikandamiza kwa mikono yote miwili. Nikafumua. Uso wake ulikuwa karibu kabisa na kiraka.

Akasema: nilikuwa sijui ni ipi.

Nikamuuliza ipi nini.

Kamba, akasema. Siku ile. Ulipiga kelele "legeza", ukaanguka. Zilikuwa kamba tano pale, na zote nyeupe. Nikashika moja, mashua ikazidi kuinama. Nikaogopa kushika nyingine. Miaka tisa nimekaa kwenye mashua yako nakula karanga, sijui hata kamba moja jina lake. Kisu nilikijua.

Nikaacha kufumua.

Akaendelea, macho chini. Akasema watu wanampongeza, eti alimwokoa mkewe. Yeye kila wakimpongeza anaona zile kamba. Akasema si mkono wangu anaouogopa. Anaogopa siku niko majini peke yangu na yeye yuko gatini, na safari hii hata kisu hakifiki. Afadhali mashua iende.

Mimi niliyemnunia miezi saba kwa ajili ya kitambaa! Nilitaka kusema jambo zuri. Nilichosema ni: vuta kwako kidogo, linateleza. Akavuta. Machozi yalinidondoka juu ya tanga, nayo yana chumvi, sijui kama yanadhuru uzi.

Baadaye nikachukua chaki. Nikamwambia ashike ncha ya mbele ya uzi, mimi ya nyuma, nikapandisha shibiri moja. Mstari ulikuwa wa mshazari, moyo wangu wa kishonaji ukaumia. Nikapiga moyo konde nikashona.

Jumanne, 24 Juni

Kamba nyeupe zimekwisha nyumbani kwangu. Nimekwenda dukani mwenyewe. Henza sasa ni nyekundu, uzi mweusi wa alama nimeuhamishia humo. Ya kuvutia nyuma ni bluu. Nyekundu inashusha, bluu inabana. Demani — ile ya kulishika tanga lisiende na upepo — tumeiacha nyeupe, ndiyo pekee.

Fundi alipoona akasema hajawahi kuona kitu rahisi namna hii, na kwamba angeona haya kukiuza. Nimelichukua kama sifa.

Gatini, mashua imefungwa, upepo mdogo: Baba Pacha alifika mia na arobaini. Mara ya pili mia na kumi na nane. Mara ya tatu tisini na sita, na ieleweke kwamba akiwa na hofu hesabu yake inakimbia. Mti wa chini uko juu pale unapotakiwa. Kofia mpya ya Fundi ilipita chini yake salama.

Alhamisi, 26 Juni

Mnyooshaji kasoma ukurasa mmoja, niliomfungulia mimi. Kasema herufi zimesimama. Kauliza demani ni nini. Nilieleza nusu saa.

Wifi kapiga simu kuuliza kama trela ije asubuhi au mchana. Nikamwambia ije asubuhi, itapata kivuli.

Jumamosi, 28 Juni

Niko mashuani, bado tumefungwa gatini. Daftari liko ndani ya mfuko wa nailoni. Naandika haraka, Fundi anafunga usukani.

Upepo umeamka na hasira. Ziwa lina povu jeupe mpaka kule kwenye boya. Fundi kaniuliza kama tuahirishe. Nikamwambia makubaliano yalisema kwenye upepo, na huu ndio upepo. Akatikisa kichwa, akaenda kuwasha boti yake ya injini, atanifuata kwa mbali. Wifi amekaa juu ya trela, ameleta turubai. Lile zito nililomchagulia. Mwanawe anazungukazunguka, hanitazami usoni. Sina ugomvi naye, ni kijana mwema.

Naogopa. Naandika hivyo ili ijulikane. Lakini nikifumba macho naona aproni ikienda kwenye kulabu.

Baba Pacha alikuwa akae gatini ahesabu. Ndivyo tulivyokubaliana. Sasa hivi kaingia mashuani. Hakuniomba ruhusa. Amekaa benchi la mbele, amevaa jaketi, amefunga vifungo vyote kasoro kimoja. Wifi kasimama juu ya trela anapaza sauti: si mlisema peke yake? Naye kamjibu bila kugeuka — dada, tulisema apunguze tanga peke yake. Hatukusema mimi nikae wapi.

Nimemwambia hakuna kugusa kitu. Kasema hatagusa. Mikono ameikalia. Midomo inacheza, nilidhani anasali. Nimesikiliza vizuri: nyekundu inashusha, bluu inabana. Nyekundu inashusha, bluu inabana.

Kabla ya kuingia alipapasa mfukoni, akatoa kisu, akakiweka juu ya mbao za gati. Kipo pale. Naona kinang'aa.

Fundi amerudi, anafungua kamba ya gati. Nafunga daftari, mkono nauhitaji